Kumtafuta Danieli kwa Redio ya Kijiji

Niliporudi kutoka Itigi sikula ugali wa moto kwa mwezi mzima. Kila nikinawa mikono anaingia mtu, anavuta kigoda, anasema, "Ehe, hebu anza mwanzo." Nikianza mwanzo ugali unapoa. Nikifika katikati anaingia mwingine, inabidi nirudie. Sasa miaka imekwenda, Mzee Ntandu ametangulia, na ninyi wenzangu wa darasa la jioni mliobaki mnahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, lakini mkinikuta popote bado mnauliza. Basi naandika mara moja tu. Msomeane. Na humu kuna jambo moja ambalo sikuwahi kumwambia yeyote kati yenu.

Mnakumbuka kijiji kilivyokuwa pale Mgori tulipohamia. Nyumba zimepangwa mistari kama askari, na redio ni moja, mali ya kijiji, imewekwa ofisini juu ya rafu. Seremala aliiweka rafu ile mahali ambapo redio iliwatazama wazee usoni, pale kwenye benchi lao. Kitu kinachosema maneno ya Serikali hakiwezi kumpa mzee kisogo, wala ubavu. Mtu akiigusa kuigeuza, hata kidogo, anakoholewa na benchi zima. Usiku ilisema vizuri. Mchana ilikaanga bisi, mikwaruzo mitupu.

Jumamosi ile timu ya mkoa wetu ilikuwa Dar es Salaam kwenye mashindano ya mikoa, na golini alisimama Danieli, mtoto wa Mzee Ntandu. Tulijaa ofisini mpaka kuta zikavimba. Katikati ya bisi mtangazaji akasema, "Danieli anaruka, wamegongana, yuko chini. Hainuki. Naona wanaleta machela..." Halafu bisi. Tuliipiga makofi, tukaibembeleza, tukatoa betri tukazianika juani. Iliporudi jioni ilikuwa inaeleza jinsi ya kuhifadhi pamba.

Siku zikapita bila barua wala mtu wa kutoka huko. Mama Danieli aliacha kwenda shamba la kijiji, na hakuna kiongozi aliyethubutu kumuuliza. Tulichojua ni kwamba Jumamosi inayofuata, saa kumi jioni, timu itacheza tena, na kabla ya mpira kuanza mtangazaji husoma majina yote kumi na moja.

"Wakimtaja, mzima," Mama Danieli aliniambia. "Wasipomtaja..." Akaanza kufagia mahali palipokwisha fagiwa.

Mzee Ntandu akaamua kuifuata sauti mahali inaposikika. Habari za kikao na kibali naziruka. Inatosha kujua kwamba redio haikuruhusiwa kusafiri peke yake, na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimehitimu kisomo cha jioni na ninasoma tarakimu zote za kwenye kioo, hata zile ndogo, nikateuliwa kuwa mlinzi wake.

Mgori hadi mjini

Tuliondoka Alhamisi alfajiri, Mzee mbele na fimbo yake, mimi nyuma na redio. Mama Danieli aliifunga kwa khanga yake, akaniwekea mgongoni kama mtoto ili isitikisike. Mzee Ntandu wakati ule alikuwa na umri wa kunizaa mara mbili, lakini alitembea kama mtu anayefukuzwa na deni la serikali ya wakoloni. Mimi nilikuwa namfuata kwa mbio ndogo ndogo. Nilitoka jasho ambalo lingetosha kuotesha mtama.

Karibu na saa nne tukakutana na mama mmoja anatoka kukamua. Akaniangalia, akaangalia mgongo wangu, akaangalia khanga.

"Pole baba," akasema. "Mama yake yuko wapi?"

Nikadhani anamuulizia Danieli. "Amebaki nyumbani," nikasema. "Hali chakula, hasemi na mtu."

"Maskini. Na mtoto ana siku ngapi?"

"Ametimiza miaka ishirini na mbili mwaka huu."

Yule mama alirudi nyuma hatua mbili. Mzee Ntandu, ambaye hakuwa ametabasamu tangu Jumamosi, akageuka upande wa pili akaanza kukagua kichaka. Nikafungua khanga kidogo, nikaonyesha pembe ya redio. Tukaeleza. Mama akasikiliza habari za machela mpaka mwisho, kisha akatupa kibuyu cha maziwa kizima.

"Nilitaka kumpa mtoto," akasema. "Basi anywe babu."

Mzee alikunywa amesimama. Alipomaliza akafuta mdomo, akaniambia, "Twende, Msomi. Mtoto ameshiba." Tangu siku hiyo hakuniita jina langu tena. Nilikuwa Msomi mpaka siku tunamzika.

Tulifika mjini Singida jua linazama, tukalala mtaa wa Utemini kwa shangazi yangu. Shangazi alitupikia mlenda na ugali wa uwele, akauliza maswali mia moja na arobaini. Mzee alijibu mawili.

Kwenye baraza ya Bwana Kanji

Mategemeo yetu yote yalikuwa kwa Bwana Kanji, mwenye duka, ambaye baba yake alinunua asali kutoka kwa baba yake Mzee Ntandu. Alikuwa na redio kubwa kama kabati, yenye waya uliopanda hadi juu ya paa. Watu walisema redio ile ilisikia mpaka mtu akipiga chafya Bombay.

Bwana Kanji alizaliwa palepale Singida, na Kinyaturu alikisema kuliko mimi. Alimwamkia Mzee shikamoo, akatukalisha barazani, akasikiliza shida yetu yote. Halafu akatupeleka ndani akatuonyesha ile redio. Ilikuwa imefunikwa kitambaa.

"Taa yake moja ya ndani imekufa," akasema. "Nangoja nyingine itoke Dar es Salaam. Mwezi wa pili huu nangoja."

Mzee alikitazama kile kitambaa.

Nikafungua yetu. Niliiweka juu ya gunia la chumvi, ikimtazama Mzee vizuri kama ipasavyo, nikazungusha kitufe taratibu kwa ufundi wote wa kisomo cha jioni. Bisi. Nikasogea kwenye ngazi. Mzee naye akasogea, nikaiweka tena mbele yake. Bisi. Tulizunguka baraza ile mpaka wateja wakadhani tunafanya tambiko.

"Hapa hewa ni nzito kwa sababu ya ziwa," nikatangaza. Sijui nilitoa wapi neno hilo, lakini nililisema kwa sauti ya mwalimu na watu wakaitikia. Ndipo Bwana Kanji akasema kwamba Itigi, kwenye reli, matangazo yanasikika mchana kweupe. Shemeji yake alikuwa na duka huko na hajawahi kulalamika.

"Ni zile nyaya za simu," nikadakia. "Zinavuta sauti." Mzee akaniangalia kwa matumaini makubwa, nikaona aibu kidogo, lakini si nyingi.

Kabla ya kuondoka mke wa Bwana Kanji alitulisha. Kulikuwa na chapati laini, dengu, viazi vya manjano, maziwa ya mgando na achari ya ndimu iliyonitoa machozi. Nilikula kama watu watatu. Mzee alikula kidogo, macho yanazunguka sahani zote. Kisha akainama kwangu.

"Msomi, nyama hakuna hata kipande. Watu wenye duka hili lote. Hawa wana msiba."

"Sidhani, baba."

"Kwetu mgeni wa mbali anachinjiwa. Asipochinjiwa, nyumba ina matanga. Na sisi tumekuja kuwapigia kelele za redio."

Kabla sijamzuia akainuka, akamshika Bwana Kanji mkono kwa mikono yote miwili, akasema, "Poleni sana na msiba. Mngetuambia."

Bwana Kanji akamtazama mkewe. Mkewe akatazama jikoni. Nikajaribu kueleza, nikaelezea vibaya. Mwishowe Bwana Kanji akacheka mpaka akashika meza, akasema wao tangu mababu hawali nyama, hata siku ya harusi.

"Na ng'ombe?" Mzee akauliza. "Unamfanya nini?"

"Namkamua maziwa tu, mzee."

"Basi ng'ombe wako wanazeeka," Mzee akasema, kwa wivu wa kweli. Tukafungiwa chapati sita za njiani, na Bwana Kanji mwenyewe akatutafutia lori.

Juu ya ngozi, hadi Issuna

Lori lilikuwa la ngozi za ng'ombe, linakwenda Itigi kuzipandisha treni. Dereva aliitwa Shabani, mtu wa Kondoa, mcheshi, mwenye jino moja la dhahabu na ndugu katika kila kijiji. Alimpandisha Mzee mbele pamoja naye. Mimi na redio tukapanda juu ya ngozi. Kuhusu harufu niseme tu kwamba nzi wenyewe walikuwa wanashuka njiani.

Tuliondoka Ijumaa saa nane. Kwa mwendo wa kawaida tungefika Itigi jua halijazama. Lakini Shabani alisimama Puma kumsalimia mkwewe, na mkwe hasalimiwi kwa haraka. Alisimama Ikungi kunywa chai, akasimama tena mbele kidogo kuirudia chai ile kwa sababu ya kwanza haikuwa na tangawizi. Alisimama katikati ya pori kumuuliza mchunga ng'ombe habari za kaka yake. Mimi kule juu nilikuwa nazianika betri juu ya ngozi na kuhesabu masaa. Kila tuliposimama Mzee alishuka, akaja nyuma, akauliza, "Imepona?" Hakutaja kama anaulizia redio au nini.

Issuna giza likatukuta, na Shabani akasema taa moja ya lori haioni. Tukalala.

Asubuhi ya Jumamosi tulikaa kwenye kibanda cha chai, Shabani, Mzee na mimi. Shabani aliitazama redio mapajani mwangu, akafurahi.

"Kumbe mnafuata mpira wa leo? Mimi ule wa juma lililopita niliusikia mwenyewe, nilikuwa Dodoma. Sauti safi kabisa. Golikipa wenu, lo, alikwenda yule. Walimbeba na machela, shingo imelala hivi." Akalaza shingo yake begani kuonyesha. "Watu wanasema hata hospitali hakufika."

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Akadhani ni bahati mbaya, akasogeza mguu.

"Kijana mrefu, mikono kama matawi. Walisema jina lake nani vile..."

"Danieli," Mzee akasema. "Ni mwanangu."

Mama wa kibanda aliacha kukoroga. Shabani akalifunika lile jino la dhahabu kwa kiganja. Akainuka. Chai yake ilikuwa imejaa hadi ukingoni.

Issuna hadi Itigi bila kupumua

Kuanzia hapo Shabani hakumsalimia mtu. Lori lile nililodhani ni zee lilipaa. Mashimo hatukuyapita, tuliyaruka. Kwenye ile njia panda ya Mkiwa, ya kukata kwenda Itigi, kulikuwa na watu wanne wanampungia mkono, mmoja akimwita kwa jina la ukoo, naye akawapita huku akipiga honi kama anaomba msamaha. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi, nimekumbatia redio kwa mikono na ngozi kwa meno.

Baadaye Mzee aliniambia kwamba njia nzima ndani ya lori Shabani alisema mara moja tu. Alisema, "Mzee, mimi niliambiwa na watu. Watu waongo." Na Mzee akamjibu, "Najua, mwanangu. Endesha."

Saa tano tulikuwa Itigi. Shabani hakwenda kushusha ngozi zake. Alisimamisha lori mbele ya stesheni, akashuka nasi, akavua kofia, akasimama nyuma ya Mzee kama mtu wa familia.

Itigi, saa kumi jioni

Stesheni ya Itigi mnaijua ilivyo: jua, reli, mkaa, na watu ambao daima wanangoja kitu. Mzee alikaa kwenye benchi la barazani. Niliweka redio kwenye kreti mbele yake, uso kwa uso. Juu yetu nyaya za simu zilipita, nyingi, zinanguruma kwa upepo, na mimi nikatoa somo fupi kwa waliokusanyika kuhusu jinsi nyaya zinavyovuta sauti. Kufika saa tisa nilikuwa na wanafunzi kama hamsini.

Saa tisa na nusu nikawasha. Bisi.

Nikazungusha kitufe kwenda, nikazungusha kurudi. Nikabadilisha betri mbili za mbele nikaziweka nyuma. Bisi, na ndani ya bisi, mbali sana, uwanja mzima unashangilia kama mbu ndani ya chupa. Nikasogeza kreti, Mzee naye akasogea, nikaielekeza tena kwake. Watu wakaanza kunicheka chinichini. "Mwalimu, vuta waya basi," mmoja akasema. Mzee hakuniangalia. Alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili.

Ndipo akapita karani wa simu, Mgogo mmoja mwembamba aliyeitwa Bwana Chilewa, amemaliza zamu, anakwenda nyumbani kusikiliza redio yake.

"Nani anakaanga bisi hapa?" akauliza. Aliposikia tumetoka Singida akacheka. "Nyie Wanyaturu, mbona redio mmeibana kama mtu anayeshitakiwa? Hebu."

Akainama, akaishika kwa mikono miwili, akaigeuza robo. Ikampa Mzee ubavu.

Na mtangazaji akaingia. Nawaambieni, aliingia kama mtu aliyefungua mlango. "...wachezaji wanapasha miili moto, hali ya hewa ni nzuri..."

"Bwana," nikasema, maana malezi ni malezi, "unamgeuzia mzee redio?"

"Unataka heshima au unataka mpira?"

Nikamtazama Mzee.

"Mpira," Mzee akasema.

Bwana Chilewa akaeleza huku akipunguza sauti: ndani mna kijiti cheusi kilichozungushiwa waya mwembamba, ndicho sikio. Kikielekeza ncha yake kule sauti inakotoka, hakisikii kitu. Kipe ubavu, kitasikia. "Nyaya za simu hazihusiki," akaongeza, na wanafunzi wangu hamsini wote wakanigeukia.

Hapo ndipo lilipo jambo nililowaficha. Ule utaratibu wetu wa kuielekeza redio kwa wazee, kule ofisini Mgori, ulikuwa umeelekeza ncha ya lile sikio moja kwa moja upande wa matangazo. Siku tatu za njia, maziwa ya mtoto, ngozi za Shabani, vyote hivyo vingeepukika kwa mtu mmoja kuzungusha redio robo na kukoholewa. Mzee alilielewa kabla yangu. Akanivuta shati. "Msomi," akanong'ona, "hili tuliache hukuhuku." Nililiacha. Tuliporudi niliwaambia ukuta ule una mchwa, nikaomba benchi la wazee lihamishwe upande wa dirishani, na rafu ikafuata benchi, ikageuka robo ileile. Redio ikasikika mchana tangu siku hiyo, na ninyi mkasema ni hewa niliyokuja nayo kutoka Itigi.

Lakini wakati ule hapakuwa na muda wa kucheka. Mtangazaji alisema, "Sasa majina ya timu ya Singida. Golini, Athumani."

Mtangazaji akaendelea na mabeki, akaendelea na viungo, mpaka wa kumi na moja. Danieli hakuwemo. Mzee alikaa vilevile. Wale watu hamsini hawakuwa wanatujua, lakini Shabani alikuwa ameshawaambia, na hakuna aliyekohoa.

Mpira ukaanza. Sikumbuki ulichezwaje. Nilikuwa natazama fimbo ya Mzee ikichora mstari vumbini, mstari uleule, mara kwa mara.

Kipindi cha kwanza kilipokaribia kwisha mtangazaji akacheka. "Ndugu wasikilizaji, huku nyuma ya goli la Singida kuna kituko. Yule golikipa wao aliyeumia, Danieli Ntandu, yuko pale, mkono umefungwa plasta hadi begani, na amekuwa akimpigia kelele Athumani tangu mpira uanze. Refa amekwenda tena kumwambia akae chini. Hii ni mara ya tatu. Anakaa... Hapana, amesimama."

Shabani alinikumbatia akanipiga kichwa. Baraza yote ikanguruma. Mzee Ntandu alinyoosha shingo kuelekea redio, mdomo wazi.

"Ndiye," akasema. "Huyo ndiye. Hata mbuzi alikuwa anawafokea hivyohivyo." Na machozi yakamshuka akicheka, akiyaacha tu yashuke, watu hamsini wakimwona.

"Mara ya nne," mtangazaji akasema. "Refa ametoa daftari lake."

Mzee akafuta machozi kwa kiganja. Akasimama, akamshika Bwana Chilewa mkono. "Wewe ndiye mwenye simu ya maandishi?"

"Ndiyo, mzee, lakini nimemaliza zamu."

"Fungua. Msomi, njoo uandike."

Kwa hiyo, mnaponiuliza matokeo ya mpira ule, jibu ni kwamba siyajui, maana mimi nilikuwa ndani dirishani na kalamu. Mzee alisema neno moja moja, akihakikisha kila moja limekaa kwenye karatasi: Refa amesema ukae chini. Kaa. Baba.

Bwana Chilewa aliisoma, akaisoma tena. "Mzee wangu," akasema kwa adabu, "simu hii ni kwa mambo ya haraka. Kwa hili si barua inatosha?"

"Haraka ndiyo hii," Mzee Ntandu akasema. "Mpira bado haujaisha."